Mwongozo Kamili wa Kukusanya Beji na Alama za Brigedi ya Kiyahudi, 1944–1946

Brigedi ya Kiyahudi ya jeshi la Uingereza iliishi chini ya miaka miwili. Ilitangazwa Septemba 1944, ikaingia mstari wa mbele nchini Italia Machi 1945, ikavunjwa katikati ya mwaka 1946. Askari wake walikuwa kama 5,000 tu. Kikosi kidogo kilichodumu muda mfupi hakiachi beji nyingi, na zilizobaki ziko zaidi kwenye majumba ya makumbusho na kwenye kabati za familia. Kwa hiyo ukikutana na muuzaji mwenye dazeni nzima ya "beji halisi", zote safi na zote zinafanana, shtuka.

Msimamo nitakaoufuata mwongozo mzima ni kwamba kwa kikosi hiki unanunua ushahidi kwanza, kitambaa baadaye. Beji moja iliyochakaa lakini ikaja na picha ya askari, kitabu chake cha malipo na barua ya mwanawe inashinda beji kumi zinazong'aa zisizo na kwao. Anayeanza huwa anafanya kinyume: ananunua kinachopendeza macho, kisha miaka inapita akitafuta mtu wa kumthibitishia.

Kijue kikosi kabla ya kuzijua beji zake

Palestina ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza, kama ilivyokuwa Tanganyika wakati huohuo. Vita vilipoanza mwaka 1939, Wayahudi wa huko walijitolea kwa wingi. Hadi vita vinaisha, kama 30,000 walikuwa wametumikia katika majeshi ya Uingereza. Mwanzoni walitawanywa. Wapo waliokuwa wahandisi, wapo madereva, wapo wa kikosi cha kazi, na kuanzia 1940 makampuni ya askari wa miguu yaliwekwa chini ya rejimenti ya Kiingereza iitwayo The Buffs. Mwaka 1942 makampuni hayo yakawa Rejimenti ya Palestina, yenye batalioni tatu za Wayahudi na moja ya Waarabu.

Chaim Weizmann, kiongozi wa harakati za Kizayuni, na viongozi wenzake walisukuma kwa miaka kadhaa waundiwe kikosi chao chenye jina na bendera yao. Serikali ya Uingereza ilisitasita kwa sababu za kisiasa hadi Septemba 1944, Churchill alipokubali. Batalioni tatu za Kiyahudi zikawa askari wa miguu wa brigedi, zikaongezewa mizinga (Rejimenti ya 200 ya mizinga ya uwanjani), wahandisi, madaktari, mawasiliano na uchukuzi. Kamanda alikuwa Brigedia Ernest Frank Benjamin, Myahudi mzaliwa wa Kanada aliyetoka kwenye uhandisi wa jeshi.

Safari yao ni muhimu kwa mkusanyaji kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu beji nyingi za vita zilishonwa kule askari alipokuwa. Walijifunza Misri, wakavuka hadi Italia mwishoni mwa 1944, wakaendelea na mazoezi Fiuggi, wakapigana kwenye eneo la Alfonsine na kisha Brisighella kando ya mto Senio, chini ya Jeshi la Nane. Vita vilipokwisha walipelekwa Tarvisio, penye mipaka ya Italia, Austria na Yugoslavia. Hapo manusura wa kambi za Wanazi walianza kuwafuata, na askari wengi wakawasaidia kwa siri kuelekea Palestina. Katikati ya 1945 brigedi ikahamishiwa Ubelgiji na Uholanzi, ikakaa huko hadi kuvunjwa. Ukiambiwa beji imetoka kwa familia ya Antwerp au kijiji cha karibu na Ravenna, hadithi inaweza kusimama. Ukiambiwa askari wa brigedi aliivaa akipigana El Alamein mwaka 1942, iache: brigedi haikuwapo.

Vitu vyenyewe ni vipi

Beji ya mkono ndiyo inayotafutwa zaidi. Ni mstatili wa kitambaa wenye mistari mitatu ya wima: buluu, nyeupe, buluu, na katikati kwenye nyeupe nyota ya Daudi ya rangi ya dhahabu au njano. Wanazi walikuwa wamewalazimisha Wayahudi wa Ulaya kushona nyota ya njano kifuani kama alama ya kudhalilishwa. Brigedi ikaichukua nyota ileile, kwa rangi ileile, ikaivaa mkononi ikiwa na bunduki. Mtu anayekusanya beji hii bila kulijua hilo anakusanya nguo kuukuu tu.

Juu yake ilikaa beji ya begani yenye jina la kikosi. Jina la Kiebrania, Hativah Yehudit Lohemet, yaani Brigedi ya Kiyahudi Inayopigana, hufupishwa kwa herufi tatu, חי״ל. Jifunze kuziandika na kuzisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Kuna kopi zilizoshonwa na watu wasiojua Kiebrania, na humo herufi zimepinduliwa, au het imefungwa chini ikawa kama mraba. Hilo utaligundua kwa sekunde moja ikiwa umeshika kalamu jioni mbili tatu.

Chini ya beji ya mkono, kwa desturi ya jeshi la Uingereza, palishonwa kiutepe chembamba cha rangi kuonyesha aina ya kazi. Cha askari wa miguu ni chekundu, cha mizinga kina nyekundu na buluu.

Kwenye kofia ndipo wengi wanapotea. Hapakuwa na beji moja ya kofia ya brigedi nzima. Askari wa miguu walivaa ya Rejimenti ya Palestina: duara lenye mzeituni katikati na neno Palestine kwa Kiingereza, Kiebrania na Kiarabu. Wa mizinga walivaa ya mizinga ya Kifalme, wahandisi ya uhandisi, madaktari ya tiba. Kwa hiyo picha ya askari mwenye nyota mkononi na beji ya mzinga kofiani haina kasoro yoyote. Kinyume chake, muuzaji anayekuletea "beji ya kofia ya Brigedi ya Kiyahudi" yenye nyota kubwa ya Daudi anakuuzia kumbukumbu ya maveterani iliyotengenezwa baadaye, au kitu cha kubuni.

Kuna pia beji za begani zenye neno PALESTINE peke yake. Zilivaliwa na watu wa Palestina, Wayahudi na Waarabu, wa vikosi vingine vingi vya Uingereza, wanawake wakiwemo, na hazitoshi kuthibitisha kwamba mvaaji alikuwa kwenye brigedi. Ni vitu vizuri kukusanya, bei yake ni ya chini, ila ziandike kwa jina lake.

Ndugu wa karibu: Jeshi la Kiyahudi la vita vya kwanza

Baadhi ya wakusanyaji huunganisha vita viwili, nami nawaunga mkono, hasa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya 38 ya Royal Fusiliers kwa ajili ya Wayahudi, zikafuata ya 39 na ya 40. Kamanda wa ile ya 38 alikuwa Luteni Kanali John Henry Patterson, yuleyule mhandisi aliyewaua simba wala watu wa Tsavo mwaka 1898 wakati reli ya Mombasa inajengwa. Kabla ya hapo, mwaka 1915, aliongoza kikosi cha Wayahudi cha kubeba mizigo kwa nyumbu kule Gallipoli. Ben-Gurion, waziri mkuu wa kwanza wa Israeli, alitumikia katika batalioni ya 39.

Mwishoni mwa 1919 batalioni hizo zilipewa jina la Judeans na beji yao ya chuma: kinara cha matawi saba, menora, na neno la Kiebrania kadima, "mbele". Beji hiyo ni adimu kuliko za 1944 na kopi zake ni nyingi kupita kiasi. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuiangalia kwenye makumbusho na kuiacha hapo kwanza.

Hatua ya kwanza: tengeneza jalada la picha

Kabla hujatoa hata shilingi, fungua jalada kwenye simu au kompyuta. Jumba la Imperial War Museum la London limeweka mtandaoni picha nyingi zilizopigwa na wapiga picha wa jeshi huko Italia, pamoja na beji zenyewe. Makumbusho ya Beit HaGdudim, kijiji cha Avihayil karibu na Netanya, ni ya vikosi hivi hasa, vya vita vyote viwili. Pakua picha yenye ubora mkubwa kabisa, andika namba yake ya makumbusho, na kwa kila beji andika vitu vitano: upana wa mstari mmoja ukilinganishwa na mwingine, kama ncha za nyota zinagusa buluu au haziigusi, jinsi pande za nyota zinavyopishana, aina ya kitambaa, na ukingo ulivyomalizwa.

Utagundua kwamba beji halisi hazifanani zote. Nyingine zimechapwa kwenye pamba, nyingine zimedariziwa, nyingine ni vipande vya sufu au felti vilivyoshonwa juu ya vingine. Askari alipohitaji beji ya pili alimwendea fundi wa mji aliopo. Kwa hiyo tofauti peke yake siyo ushahidi wa ufeki, ila tofauti isiyo na mfano wowote kwenye picha za wakati ule inadai maelezo.

Ukisoma picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe, kumbuka jambo moja ambalo limewapoteza watu wazima. Filamu za aina ya zamani zisizohisi rangi nyekundu huonyesha njano kama giza na buluu kama nyeupe. Nyota inaweza kuonekana nyeusi na mistari ya buluu ikapauka. Usikimbilie kutangaza umegundua toleo jipya la beji.

Hatua ya pili: weka mpaka

Chagua moja kati ya njia tatu. Unaweza kukusanya aina, yaani mfano mmoja mmoja wa kila namna ya beji ya brigedi. Unaweza kukusanya safari ya askari mmoja: beji, picha, vitabu, barua. Au ukakusanya mnyororo wa vikosi, kutoka nyumbu wa 1915 hadi brigedi. Mimi napendelea ya pili. Inakwenda polepole, inadai subira, lakini kila kitu kinamshuhudia mwenzake.

Kuna mpaka mwingine ambao kwangu hauna mjadala. Nyota za njano za kitambaa walizovalishwa raia, sare za wafungwa wa kambi na vitu vya waliouawa si vya mkusanyo binafsi. Ukiletewa, mwelekeze mwenye navyo kwa Yad Vashem, makumbusho ya maangamizi ya Wayahudi iliyoko Yerusalemu, au makumbusho ya aina hiyo iliyo karibu naye. Usivichanganye sanduku moja na beji za askari, hata kama muuzaji anaviuza kwa pamoja.

Hatua ya tatu: mhoji muuzaji

Beji huja kupitia minada ya vitu vya kijeshi ya Uingereza, wauzaji wa Israeli na Italia, masoko ya vitu vya kale, na tovuti za jumla ambako kila mtu anauza kila kitu. Nyumba za mnada zenye utaratibu hutoa maelezo ya maandishi na hukubali kurudishiwa kitu kikithibitika ni bandia. Soma masharti hayo kabla ya kupandisha bei, si baada.

Muulize muuzaji kwa maandishi: umeipata kwa nani, lini, na mji gani? Kuna kitu kingine kilichokuja nayo? Naomba picha ya nyuma, ya ukingo, na ya pembe nne kwa karibu, ikiwa kando ya rula. Uko tayari kuandika kwenye risiti kwamba ni ya 1944–1946 na kuipokea ikirudi? Muuzaji mwaminifu hujibu hata kama jibu ni "sijui". Anayekasirika kwa kuombwa picha ya nyuma anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ujue pia kopi zinatoka wapi, maana nyingi hazikutengenezwa kwa nia mbaya. Kila tarehe 25 Aprili Italia huadhimisha ukombozi wake, na bendera ya brigedi hubebwa kwenye maandamano. Mwaka 2018 serikali ya Italia iliitunuku brigedi medali ya dhahabu ya ushujaa wa kijeshi. Wapo wanaoigiza vita kwa mavazi, wapo wanaoshona beji za kumbukumbu kwa heshima kabisa. Tatizo huanza pale beji hiyo inapobadilisha mikono mara tatu, ikasuguliwa, ikalowekwa kwenye chai, kisha ikaitwa "ya babu".

Hatua ya nne: kagua kitambaa

Hapa ndipo pa kukaa. Unahitaji lenzi ya kukuza mara kumi, rula ya milimita, mwanga wa kawaida kutoka pembeni, na tochi ile ya mwanga wa urujuani (UV) wanayotumia mawakala wa pesa kukagua noti.

Anza nyuma ya beji. Mbele huundwa ili ipendeze. Nyuma husahauliwa na wadanganyifu. Kwenye beji ya kisasa iliyodariziwa na mashine ya kompyuta utaona uzi mweupe wa chini ulionyooka na kubanana kwa usawa usio na kosa, na mara nyingi ngozi nyembamba ya plastiki au gundi ya kupigia pasi. Hakuna beji ya 1945 yenye gundi ya pasi. Ukingo mnene ulioviringishwa kwa uzi kuzunguka beji nzima, kama wa beji za skauti au makampuni ya leo, nao ni wa miongo ya baadaye.

Kisha tazama matundu ya sindano. Beji iliyovaliwa ilishonwa kwa mkono au cherehani kwenye sufu ya sare. Ukiitoa, matundu hubaki, vipande vya uzi hubaki, na wakati mwingine nyuzi za kaki za sufu hubaki zimenasa nyuma. Pinda kidogo ukingo uliokuwa umekunjwa ndani. Kama rangi ya ndani ya mkunjo ni kali kuliko ya nje, jua na mvua vilifanya kazi yao polepole. Kama imechakaa sawasawa kila mahali, mpaka ndani ya mkunjo, mtu aliichakaza kwa makusudi. Chai huacha madoa yenye mpaka wa kahawia na hupaka rangi nyeupe, njano na uzi wa kushonea kwa kiasi kilekile.

Sasa zima taa. Dawa za kung'arisha weupe kwenye vitambaa na sabuni zilienea baada ya vita, hasa kuanzia miaka ya 1950, na chini ya urujuani hung'aa buluu kali. Mstari mweupe wa pamba ya wakati wa vita unatakiwa ubaki umefifia. Lakini usikate hukumu kwa tochi peke yake. Mjane wa askari akiifua beji halisi kwa sabuni ya unga mwaka 1970, itang'aa. Tazama namna ya mng'ao: sabuni hugusa beji yote na uzi wa kushonea, wakati uzi mpya kwenye kitambaa cha zamani hung'aa peke yake. Na beji isiyong'aa bado inaweza kuwa bandia, maana vitambaa vya zamani vinapatikana.

Jaribio la moto lifanye kwa unyuzi uliokwisha kukatika wenyewe na tu ikiwa mwenye mali amekubali. Ushike kwa kibano mbali na beji. Pamba huwaka haraka, inanuka karatasi, inaacha jivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua na hujizima. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi, na hapo mjadala umekwisha: poliesta iligunduliwa mwaka 1941 na wakemia wa Calico Printers' Association ya Manchester, lakini haikuingia sokoni mpaka vita vimepita. Kinachonivutia ni kwamba kampuni hiyohiyo ndiyo iliyochapa beji nyingi za vitambaa za jeshi la Uingereza wakati wa vita, kwa pamba.

Kama beji bado imeshonwa kwenye koti, usiitoe kamwe. Soma lebo ya ndani ya koti: saizi, mtengenezaji, mwaka. Lebo ya 1951 imemaliza kesi. Lebo ya Marekani haijamaliza, kwa sababu makoti ya mtindo wa Kiingereza yaliyotengenezwa Marekani kama msaada wa vita yaligawiwa sana kwa askari wa Uingereza waliokuwa Italia. Chungulia chini ya ukingo wa beji: sufu iliyofichwa inatakiwa kuwa na rangi nzito kuliko ya pembeni. Na kama kuna kivuli cha beji nyingine ya umbo tofauti, koti hilo lilikuwa la mtu wa kikosi kingine.

Hatua ya tano: beji za chuma

Beji iliyogongwa kwa kalibu ya chuma ina mistari mikali, na nyuma yake mara nyingi huonyesha kinyume cha mchoro wa mbele. Iliyosubiwa kutokana na beji nyingine huwa na vitundu vidogo, herufi zilizovimba, na hupungua ukubwa kidogo kwa kuwa chuma husinyaa kikipoa. Pima kwa kaliper na linganisha na ya makumbusho. Ila warsha za Mashariki ya Kati zilisubu beji nyingi wakati wa vita, hivyo beji ya mzeituni iliyosubiwa isitupwe kwa sababu hiyo tu. Soma maandishi ya lugha zote tatu. Kiarabu kilichovunjika herufi ni dalili mbaya, na msomaji wa pwani aliyepita chuo cha Kurani ana faida hapo kuliko wakusanyaji wengi wa Ulaya.

Hatua ya sita: medali, vitabu na picha

Wauzaji hupenda kuuza "seti ya medali ya askari wa Brigedi ya Kiyahudi": Nyota ya 1939–45, Nyota ya Italia, Medali ya Vita. Medali hizo ni za kweli, lakini Uingereza haikuchonga majina kwenye medali za kampeni za vita vya pili ilizowapa askari wake wa nchi kavu, tofauti na Afrika Kusini na Australia. Seti hiyohiyo ingeweza kuwa ya mpishi kutoka Leeds. Bila karatasi, lipa bei ya medali za kawaida.

Karatasi ndiyo hazina. Kitabu cha askari cha jeshi la Uingereza, AB 64, kilikuwa na sehemu ya utumishi na sehemu ya malipo. Humo utapata namba, jina, kikosi, chanjo, likizo. Namba za walioandikishwa Palestina kwa kawaida hutanguliwa na PAL. Linganisha tarehe za uhamisho na safari ya brigedi niliyoieleza juu: mtu aliyeandikwa Rejimenti ya Palestina batalioni ya tatu, Italia, Aprili 1945, alikuwa pale. Ukitaka kwenda mbali zaidi, shajara za vita za vikosi vya Uingereza vilivyokuwa Italia zimehifadhiwa The National Archives, Kew, kwenye fungu la WO 170. Waliokufa unawapata kwa jina kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Wengi wamelala makaburi ya Ravenna, kijiji cha Piangipane, na nyota ya Daudi imechongwa kwenye mawe yao.

Picha igeuze nyuma. Muhuri wa studio ya mji wa Italia au Ubelgiji, tarehe, salamu kwa Kiebrania, vyote ni ushahidi. Tochi ya urujuani inafaa hapa pia: karatasi ya picha inayong'aa sana kwa kawaida ni ya baada ya katikati ya miaka ya 1950.

Hatua ya saba: kulipa, kusafirisha na sheria

Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai fedha yako. Mwambie muuzaji aandike thamani ya kweli kwenye fomu ya posta. "Zawadi" ya dola tano itakuponza forodhani na bima haitakulipa. Vitu vya mkusanyo vyenye umuhimu wa kihistoria vina kifungu chao, 97.05, kwenye orodha ya ushuru inayotumiwa pia na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mtajie wakala wako.

Beji tupu haina shida kubwa. Koti zima la kijeshi ni habari nyingine. Tanzania, Kenya na Uganda zote zina sheria kali juu ya raia na sare za jeshi, na mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwataka raia wasalimishe mavazi yanayofanana na ya jeshi hilo. Koti la sufu la 1944 halifanani na kombati ya leo, lakini ofisa wa forodha hana wajibu wa kujua hilo. Weka risiti na maelezo ya kihistoria ndani ya kifurushi, uliza kabla ya kuagiza, na usilivae barabarani.

Hatua ya nane: kutunza kwenye joto na unyevu wetu

Maelekezo mengi ya utunzaji yameandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya. Mombasa, Unguja au Dar adui wa kwanza ni unyevu, wa pili wadudu, wa tatu mwanga.

Usifue beji. Usiipige pasi. Usiing'arishe ya chuma kwa dawa ya shaba. Rangi ya uzee ni sehemu ya ushahidi, na kila msuguo unakula herufi. Ondoa vumbi kwa brashi laini, basi.

Weka kila beji kwenye karatasi isiyo na asidi, ndani ya bahasha ya poliesta au polipropilini. Zikimbie zile albamu laini za plastiki zinazonuka: ni PVC, hutoa mvuke unaokula shaba na kuunata uzi. Sanduku lenye kifuniko kinachobana, pakiti za jeli ya silika, na kipimo kidogo cha unyevu ndani. Lenga asilimia 45 hadi 55. Jeli ikijaa unyevu ikaushe kwenye oveni na uirudishe. Pwani utaifanya kazi hiyo mara kwa mara wakati wa masika, bara mara chache.

Nondo hula sufu na felti, hawagusi pamba safi. Kitu chochote cha sufu kinachoingia nyumbani kwako kipitishe kwanza kwenye friza: kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kikae kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili, kisha kitoe na usiufungue mfuko mpaka siku nzima ipite, ili umande ugande nje ya mfuko badala ya kwenye kitambaa. Vitu vyenye rangi iliyopakwa au ngozi visiingie humo.

Ukitaka kuitundika ukutani, tundika picha yake na beji yenyewe ibaki sandukuni. Makumbusho huwekea vitambaa mwanga wa lux 50, ambao ni hafifu kuliko wa sebule yoyote yenye dirisha, na buluu ile hupauka bila kurudi.

Hatua ya tisa: daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Kila kitu kipewe namba, iandikwe kwa penseli kwenye bahasha, kamwe si kwenye beji. Kwenye daftari andika: maelezo na vipimo, picha ya mbele na nyuma, uliyenunua kwake na tarehe, bei, maneno ya muuzaji kama alivyoyasema, majaribio uliyofanya na matokeo yake, na hukumu yako kwa ngazi tatu: imethibitika, inaelekea, ina shaka. Uwe na ujasiri wa kuandika "ina shaka" kwenye kitu ulichokilipia ghali.

Kama unajua jina la askari, familia yake huenda ipo. Wajulishe una nini, na uwape nakala za picha na karatasi bila kudai chochote. Mara nyingine wao ndio wenye kipande kilichobaki: jina la mji ulio nyuma ya picha, au sababu ya koti kukatwa mkono mmoja. Usichapishe majina na barua zao bila ruhusa. Na mwishoni mwa daftari hilo andika vitu hivi viende wapi usipokuwapo. Beit HaGdudim ni mahali pa kuandikia barua mapema, ukiwa bado na uwezo wa kueleza kila namba ni nini. Nakala ya daftari iende pamoja na sanduku.